Utumishi kama njia ya uongozi shuleni: kutoka Samoa hadi kikale cha Wahaya

Mwalimu mkuu mpya akihamishiwa shule ya kijiji, Bukoba au Muleba, swali la kwanza kwa wazazi huwa: amesoma wapi? Mkoani kwetu elimu ni heshima. Ndiyo maana nchi nzima inatutania kwa jina la "nshomile", yaani nimesoma. Swali lile si baya. Lakini lipo lingine ambalo wazee wetu walilitanguliza, nalo ni: amemtumikia nani?

Wenzetu wa Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki iliyopata uhuru mwaka 1962, wana msemo unaojulikana na kila mtoto: "O le ala i le pule o le tautua". Maana yake ni kwamba njia ya kufikia mamlaka ni utumishi. Neno "tautua" ni utumishi huo. Kijana asiye na cheo hupika, hulima, huvua na kuwaandalia wazee wa ukoo chakula, naye hula baadaye. Akitumikia vizuri kwa miaka, ukoo unaweza kumpa cheo cha "matai", yaani mkuu wa familia. Na hata akishakuwa matai hajamaliza. Sheria ya uchaguzi ya huko inamtaka anayegombea ubunge awe matai, na awe ametimiza wajibu wake kwa kijiji kwa miaka mitatu mfululizo. Walimu wa Kisamoa, wa nyumbani na wa New Zealand, wameichukua tautua kuwa kipimo cha mkuu wa shule: kwamba anayeongoza shule ni yule ambaye jamii imemwona akiitumikia.

Kwa Mhaya jambo hili si geni. Zama za watawala wa Kiziba, Ihangiro, Kyamtwara na kwingineko, vijana wa rika moja waliitwa kutoka vijijini kwenda kikale, yaani kwa Omukama. Kundi hilo liliitwa omuteko. Huko walifanya kazi, walifundishwa adabu, silaha na mambo ya utawala, na walipimwa. Wengi walirudi kwao. Waliong'ara walichaguliwa kushika madaraka. Shule yenye daftari na ubao ilikuwa haijafika, lakini shule ya uongozi ilikuwepo, na mtihani wake ulikuwa kazi.

Tusiipambe sana, hata hivyo. Utumishi ule ulielekea juu, kwa mtawala. Aliyempendeza Omukama aliweza kupewa ardhi ya nyarubanja pamoja na watu waliokuwa wakiishi juu yake, na watu hao wakageuka wapangaji kwenye migomba waliyoipanda wenyewe. Utawala wa machifu uliondolewa mwaka 1963, na sheria ya mwaka 1965 ikawafungulia wapangaji wa nyarubanja njia ya kumiliki mashamba yao. Kwa hiyo tunapotaja utumishi shuleni lazima tuulize unaelekea wapi. Mwalimu mkuu anayejipendekeza kwa wakubwa wa wilaya huku watoto wakikaa chini anatumikia, ndiyo, ila hawatumikii watoto.

Utumishi unaoelekea chini tumeuona pia. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali iliamua kuwapatia watoto wote elimu ya msingi, na mpango wa UPE ukazinduliwa Novemba 1977. Walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa huku wakifundisha vijijini. Walichekwa sana, "mwalimu wa UPE" lilikuwa tusi, na kwa maoni yetu halikuwa la haki. Wapo watu wazima wengi wanaosoma makala hii kwenye simu kwa sababu mmoja wa vijana hao aliwafundisha kusoma.

Leo, je? Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Mpango ulipoanza, ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 zilipelekwa shuleni moja kwa moja. Hebu tupige hesabu. Shule ya watoto 400 ilipata 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi, kwa chaki, ukarabati, mitihani na mengine. Mwaka huohuo serikali ilitangaza posho ya madaraka ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi: 200,000 kwa mwezi. Hatusemi posho hiyo ni kubwa, maana kazi ile ni ngumu. Tunasema kiasi kinacholipwa kwa cheo kilifanana na kiasi cha kuendesha shule nzima ya ukubwa huo. Basi cheo hicho kina deni.

Deni hilo hulipwa kwa mambo madogo yanayoonekana. Mwalimu mkuu anaingia darasani na kufundisha vipindi vyake, au anaishia ofisini? Mapato na matumizi ya shule yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo mahali ambapo mzazi anaweza kuyasoma, au yamefungiwa kabatini? Uji wa watoto ukikosekana, anaitisha kikao na wazazi, au anamrudisha nyumbani mtoto ambaye mzazi wake hajachanga? Waraka wa elimu bila malipo unakataza mtoto kufukuzwa kwa sababu ya mchango.

Wazazi nao hawakai pembeni. Kamati ya shule ina wajumbe kutoka kwao, na ujumbe ule wengine huugombea kwa ajili ya jina tu. Wasamoa wangemuuliza mgombea: umeifanyia nini shule hii kabla ya leo? Alikuja siku ya kusomba mawe? Alihudhuria vikao wakati hana cheo? Kwenye mkutano wa wazazi unaofuata, kabla hamjanyoosha mikono kumchagua mjumbe, muulizeni hayo mbele ya wote, ajibu akiwa amesimama.