Waasisi wa Blackstone

Blackstone ni kampuni ya Marekani ya uwekezaji wa mitaji binafsi, iliyoanzishwa New York mwaka 1985 na Peter G. Peterson (1926–2018) na Stephen A. Schwarzman (aliyezaliwa 1947) kwa mtaji wa dola 400,000. Maisha yao yanaonyesha kwamba utumishi wa umma na biashara hulishana. Peterson alikuwa Waziri wa Biashara chini ya Rais Nixon, 1972–1973, kisha akaongoza benki ya Lehman Brothers. Heshima aliyoipata serikalini ilikuwa mtaji usioandikwa vitabuni, kwani wawekezaji humkabidhi fedha mtu wanayemwamini.

Huenda ikasemwa kwamba Schwarzman hakuwahi kuwa waziri, hivyo ustadi wa biashara ulitosha. Hoja hiyo ina uzito, lakini yeye alianza akiwa na mwenzake mwenye jina tayari, na utajiri ulipokuja ukamfikisha kwenye mambo ya umma: aliongoza bodi ya Kennedy Center, kituo cha taifa cha sanaa (2004–2010), na mwaka 2017 jopo la wafanyabiashara waliomshauri Rais Trump. Peterson naye mwaka 2008 aliunda wakfu wa kuhimiza upunguzaji wa deni la taifa. Njia kati ya serikali na biashara ikipitika pande zote mbili, raia wana haki ya kudai uwazi.