Cherehani za Kale: Namna ya Kuzijua na Kuzifufua, pamoja na Khabari ya Amri ya Mwaka 1935

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewapa wanadamu mavazi ya kusitiri tupu zao na ya kujipamba. Amma baad. Wanavyuoni wa visa vya Mitume wamesimulia ya kuwa Nabii Idrisa, amani iwe juu yake, ndiye wa kwanza aliyeshona nguo, na kabla yake watu wakijifunika ngozi. Na katika Sahihi ya Bukhari imo khabari ya fundi mmoja wa kushona aliyemwalika Mtume, rehema na amani zimshukie, kuja kula chakula alichomwandalia, naye Mtume akaenda, wala hakumdharau kwa kazi yake. Basi ufundi huu una nasaba njema. Mtu wa Kator apitaye soko la Konyokonyo, akawaona mafundi barazani, miguu juu ya chuma na macho juu ya sindano, ajue kuwa kazi ile ni kongwe kuliko soko lenyewe.

Chombo ndicho kigeni. Waswahili hukiita cherehani, na asili ya neno ni charkh ya Kiajemi, maana yake gurudumu. Watu wa Juba katika Kiarabu chao humwita fundi tarzi, neno lililopita kwa Waturuki, nalo pia chimbuko lake ni Ajemi. Mashine ilitoka Marekani. Elias Howe aliandikishiwa haki ya uvumbuzi wake mwaka 1846, na Isaac Merritt Singer akaandikishiwa yake mwaka 1851. Kampuni ya Singer ndiyo iliyoenea duniani, na sababu moja kubwa ni kuwa tangu mwaka 1856 iliwauzia watu kwa malipo ya kidogo kidogo, hata mtu asiye na akiba akaweza kuwa na mashine nyumbani. Kiwanda chake kikubwa kilikuwa Kilbowie, katika mji wa Clydebank, Uskochi. Kilikamilika mwaka 1885, na mwaka 1913 kilitoa mashine zaidi ya milioni moja. Kilifungwa mwaka 1980. Herufi K iliyo katika majina kama 15K au 201K ndiyo alama ya Kilbowie.

Mji wa Juba ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 uwe makao ya mkoa wa Mongalla. Bidhaa ziliufikia kwa njia mbili: kutoka Khartoum kwa meli za mto Nile, na kutoka Mombasa kwa reli na maziwa ya Uganda mpaka Nimule, kisha kwa barabara. Lakini aliyetaka kupita njia hizo hakupita apendavyo. Kwa sheria ya vyeti vya safari ya mwaka 1922 Kusini iliwekwa kuwa nchi iliyofungwa, na mgeni hakuingia wala kufanya biashara ila kwa ruhusa. Tena mwezi wa Januari 1930, Harold MacMichael, Katibu Mkuu wa Serikali ya Sudan, alitoa waraka wa siasa ya Kusini: Kiarabu kipunguzwe, Kiingereza kitiwe mahali pake, na wafanya biashara wa Kaskazini, wale waitwao Jallaba, wapunguzwe pia. Siasa hiyo iligusa majina ya watu, na iligusa mavazi.

Hapa ndipo cherehani inapoingia katika tarikhi. Mwezi wa Januari 1935 mkuu wa Wilaya ya Magharibi katika Bahr el Ghazal, upande wa Raga, aliwaandikia barua wafanya biashara. Maana yake ni hii: ya kuwa wameombwa mara nyingi, na bado nguo za Kiarabu zinashonwa na kuuzwa kwa wingi, basi tangu siku ile ni marufuku kuzishona na kuziuza. Mashati yawe mafupi, yenye kola na mpasuko wa mbele kwa desturi ya Kizungu, wala yasiwe ya shingo wazi kama wavaavyo Wabaggara wa Darfur. Mwenye akiba dukani alipewa muda mpaka mwisho wa Februari aimalize. Na mwisho wa barua ikatajwa kuwa amri inawahusu mawakala wote wa nje na wenye cherehani.

Msomaji na ayatue macho yake juu ya maneno hayo ya mwisho. Serikali yenye meli, askari na magereza iliona haja ya kumtaja mwenye cherehani kwa chombo chake, kwa ajili ya vidole vitatu vya kitambaa cha shingoni. Barua ile haikuandikwa Juba, lakini siasa iliyoizaa ilikuwa moja kwa Kusini yote, na muda mfupi baadaye Bahr el Ghazal na Mongalla zikaunganishwa kuwa mkoa mmoja wa Equatoria, na makao yake yakawa Juba.

Kwa upande wa dini, lililofaradhishwa ni sitara, si kola wala kukosa kola. Mwislamu husali katika shati la mpasuko na sala yake ikasihi. Ubaya ulikuwa katika kulazimisha. Wala isidhaniwe kuwa kulazimisha kulikuwa tabia ya Waingereza peke yao. Siasa ile iliachwa mwezi wa Desemba 1946, na mkutano mashuhuri wa Juba ukafanywa mwezi wa Juni 1947. Lakini mwaka 1960 serikali ya Jenerali Abboud iliwaondolea watu wa Kusini mapumziko ya Jumapili ikaweka Ijumaa, na wanafunzi wakagoma. Jirani Mkristo alionjeshwa sahani ileile.

Sasa, nyumbani mwa mtu mna cherehani nyeusi ya babu, imefunikwa gunia. Itajulikanaje umri wake? Isomwe namba. Katika Singer namba hupigwa juu ya kitako cha chuma, upande wa kulia, karibu na shina la nguzo. Ipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta, isikwanguliwe kwa kisu. Zilizotoka kabla ya mwaka 1900 zina tarakimu tupu. Baada ya hapo ilitangulizwa herufi moja, kisha herufi mbili. Yenye Y ni ya Clydebank, ya miaka ya 1920 mpaka kufikia 1935. Yenye E na herufi ya pili nayo ni ya Clydebank. EA ilianza mwaka huohuo wa 1935, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo miaka inavyosogea. Basi mwenye kukuta Y chini ya vumbi ajue kuwa chombo chake kilikwisha fuliwa barua ile ilipoandikwa au ukaribu wake. Namba lakini huonyesha wakati wa kiwandani tu. Siku ya kununuliwa yaweza kuwa miaka mingi mbele. Zipo pia zenye beji ya ukingo wa buluu iliyoandikwa 1851 na 1951. Hizo ni za ukumbusho wa miaka mia moja ya kampuni.

Baada ya namba itazamwe bobini. Ikiwa ndefu na nyembamba, nayo hukaa ndani ya kipande cha chuma mfano wa dau dogo kinachokwenda na kurudi, basi ni ya aina ya 27 au 28, au ndugu zao 127 na 128. Nyingi za zamani katika hizo zina michoro ya dhahabu ya Abulhauli wa Misri. Ikiwa bobini ni ya duara, nayo imesimama ndani ya kijumba upande wa kushoto, ni aina ya 15. Ikiwa ya duara na imelala chini ya kibati cha kuteleza, ni ya 66, au ya 99 iliyo ndogo zaidi. Tofauti hii ina faida kwa mwenye kutafuta vipuri. Aina ya 15 iliigwa na Wajapani baada ya mwaka 1945, kisha na Wachina, na Butterfly ya Shanghai imo katika ukoo huo. Kwa hiyo bobini na kijumba chake hupatikana sokoni kwa urahisi. Dau la 27 likipotea, kulipata ni kazi.

Kuhusu kufufua, cherehani iliyokwama haijafa. Mara nyingi iliyoiua ni mafuta ya kupikia. Mafuta ya simsim au ya karanga yakitiwa ndani ya chuma hukauka yakawa kama gundi, na gurudumu likakataa kugeuka. Asije mtu akalilazimisha kwa nguvu au kwa nyundo, kwani chuma cha kusubu huvunjika wala hakishonwi. Itiwe mafuta ya taa kidogo kidogo katika kila tundu na kila kiungo, iachwe usiku kucha, kisha gurudumu litikiswe taratibu mbele na nyuma; na kesho yake tena kama bado. Likilegea, uchafu upanguswe wote, ndipo yatiwe mafuta safi ya cherehani, tone moja kila mahali. Kibati cha chini ya sindano kifunguliwe, na vumbi la nyuzi lililoganda kati ya meno liondolewe. Sindano iwe mpya na ya namba yake: wengi husema mashine imeharibika, na kumbe sindano imepinda.

Rangi iachwe. Wapo waipakao cherehani rangi mpya ya kijani au nyekundu kwa nia njema, na wapo waisuguao kwa spiriti mpaka dhahabu ikatoka. Spiriti hula vanishi iliyo juu ya michoro. Kitambaa laini na mafuta ya cherehani vyatosha.

Limebaki jambo la mirathi, ambalo hughafilikiwa. Fundi akifa, mara nyingi mwanawe aliyejifunza kazi huichukua cherehani kana kwamba ni kofia ya baba, au nyumba nzima huiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa kupimwa uzito. Hali cherehani ni mali ya marehemu kama mali nyingine, na mjane ana thumni yake humo ikiwa marehemu ameacha watoto. Ithaminiwe na fundi mwaminifu, baada ya kusafishwa na kujaribiwa juu ya kitambaa, kwa bei ya chombo kinachoshona. Na namba yake iandikwe katika karatasi ya mirathi, pamoja na herufi zilizotangulia.