Kilio cha Mbunge na Mgawo wa Sheria: Kugharimia Barabara za Vijijini kwa Mtazamo wa Buger, Karatu

Mwezi Mei 2022, wakati wa mjadala wa bajeti ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, Mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi bungeni akidai lami katika barabara ya Karatu–Mbulu–Haydom–Sibiti–Lalago–Maswa. Juni 2023 barabara hiyo ilikuwa miongoni mwa saba, zenye jumla ya kilomita 2,035, ambazo Serikali ilitia saini mikataba ya kuzijenga. Hata hivyo, makala hii inatetea hoja kwamba barabara zilizosahaulika hazipaswi kutegemea ukubwa wa kilio cha mbunge, bali mgawo wa kisheria unaofuata mahitaji.

Kata ya Buger, kusini mwa mji wa Karatu, inaonyesha kwa nini. Lami itokayo Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japani, hupitisha watalii mwaka mzima. Mkulima wa Buger huifikia kwa barabara za udongo na changarawe, kwenye miteremko ambako masika hugeuza mtaro kuwa korongo. Kalavati likizolewa, mahindi na mbaazi husubiri ghalani. Mama mwenye uchungu hawezi kusubiri.

Sheria ya Barabara ya 2007 ilitenganisha barabara kuu na za mikoa, zilizo chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), na zile za wilaya, ambazo tangu Julai 2017 zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Kwa miaka mingi fedha za Mfuko wa Barabara ziligawanywa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa upande wa wilaya, ingawa mtandao wa TARURA unazidi kilomita 144,000 na ule wa TANROADS ni takriban 36,000. Ni kweli kwamba barabara kuu hubeba malori mazito na hugharimu zaidi kwa kila kilomita. Lakini kuhesabu magari peke yake ni kipimo chenye kasoro: barabara isiyopitika haiwezi kuwa na magari, na uchache huo hutumika kuinyima fedha tena.

Mbunge anaweza kufanya nini? Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia mapendekezo ya kodi na matumizi yasiyowasilishwa na Serikali. Ndiyo maana wengi huishia kuomba. Lakini mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini. Nchini Kenya, sheria ilitenga asilimia 22 ya tozo ya mafuta kwa barabara za majimbo. Katika mifano yote miwili, fungu lina chanzo kinachojulikana.

Kwa hiyo wabunge watumie Kamati ya Bajeti kuishinikiza Serikali ilete kanuni mpya ya mgawo inayopima mwinuko, mvua, umbali wa kituo cha afya na uzito wa mazao, kisha matokeo yatangazwe kata kwa kata. Mwananchi wa Buger hulipa tozo ileile ya mafuta kila anapopanda bodaboda au kusaga mahindi kwa mashine ya dizeli. Haki yake ya kupita isitegemee kama mwakilishi wake amepata nafasi ya kuzungumza.