Moto, Mafuta na Oili: Asili ya Maneno ya Kukagua Injini

Wapo wafasiri wadhanio kwamba istilahi za ufundi wa magari zilianza siku Baraza lilipoundwa mwaka 1967. Sivyo. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akafika Swakopmund, pwani ya magharibi ya bara hili, tarehe 1 Mei 1909. Katika safari za namna hiyo gereji haikuwako. Kilichoharibika kilitengenezwa pale pale kilipoharibikia, au kikangojewa. Tangu enzi hizo watu wetu wamesukuma magari, wamefungua injini na kuzifunga, na kazi haifanyiki kimya. Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930 ilishughulika zaidi na vitabu vya shule. Karakana iliachwa ijitafutie maneno.

Nayo ilijitafutia vizuri. Usukani ulitolewa chomboni baharini ukatiwa garini. Dizeli ni jina la mtu, Rudolf Diesel. Stata ya umeme ilikuja na Cadillac za mwaka 1912; kabla yake dereva alizungusha hendeli kwa mkono, na injini ikirudisha nyuma ghafula mkono uliweza kuvunjika.

Neno lililobeba mzigo mkubwa kupita kiasi ni moto. Sheria husema vyombo vya moto, ikiwa na maana ya magari na pikipiki. Fundi akisema moto hauji, ana maana kwamba umeme haufiki kwenye plagi. Akisema injini ina moto, huenda anataja joto. Sasa mfasiri aandike: “Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa na moto.” Msomaji anazima injini, anaona moto haupo tena, anafungua. Maji yaliyochemka yakiwa yamebanwa humrukia usoni. Hapa kosa si la msomaji. Ilipasa kuandikwa: “Zima injini, ngoja hata rejeta ipoe kabisa, ndipo ufungue.”

Mafuta nayo ni hivyo hivyo. Katika kijitabu kimoja tulichokipitia sisi wenyewe, tuliacha sentensi “angalia mafuta kila asubuhi,” tukaona imenyooka. Dereva aliyeionyeshwa alitazama geji ya petroli, akaridhika. Kijiti cha kupimia oili hakukigusa, na injini isiyo na oili husagika hata pistoni zikakwama. Tangu hapo tunashikilia kwamba petroli iitwe petroli, dizeli dizeli, na kile kinacholainisha kiitwe oili. Wenzetu wengine hupendelea kilainishi. Ni neno zuri, ila hatujapata kulisikia dukani.

Mwalimu atakaye kuyafundisha maneno haya na ayafuate kama mwenye gari anavyokagua nyumbani. Ufunguo ukizungushwa na stata ikatoa mlio mdogo tu, huanza na betri: vichwa vyake huota unga mweupe au wa kijani unaozuia umeme. Stata ikizunguka vyema lakini injini isiwake, hutafuta cheche (ndiyo maana twapendelea cheche kwa kazi hii, moto tukauachia jiko), kisha petroli. Plagi ikifunguliwa husema mengi: ya kahawia ni njema, yenye masizi makavu imepewa petroli nyingi mno, iliyolowa oili huashiria ringi za pistoni zilizochakaa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata joto, aghalabu ni maji yaliyopenya ndani.

Kabureta sasa yapungua, kwani magari mapya hupuliziwa petroli kwa nozeli ziongozwazo na kompyuta. Marekani ililazimisha magari mapya yawe na mfumo mmoja wa kujichunguza tangu mwaka 1996, na gari lenyewe huwasha taa likiugua. Lakini taa hiyo haisemi ugonjwa; fundi hutumia kifaa cha kusomea namba za hitilafu.

Imebaki hali ile ya silinda moja kutolipua, injini ikatetemeka. Mafundi husema inamisi. Tumewahi kuletewa pendekezo la “kukosa,” lakini “injini inakosa” humfanya msomaji aulize inakosa nini. Kwa sasa twaandika “silinda moja haiwaki,” maneno matatu mahali pa moja, na kila fundi tuliyemsomea alielewa.