Okonkwo na Edipode

Kitabu cha Chinua Achebe wa Nigeria, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1958, kilifasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Wengi hukisoma kama habari ya Wazungu kuvunja mji wa watu weusi. Hiyo ni kweli, lakini twaona yafaa kukisoma pia kama Wayunani wa kale walivyozisoma tanzia zao.

Aristotle, mwanachuoni wa Kiyunani, alifundisha ya kuwa mtu wa tanzia si mwema kabisa wala si mwovu kabisa. Ni mtu mkubwa, naye huangushwa na kosa lake mwenyewe, hata watazamao huingiwa na huruma na hofu. Tumkumbuke mfalme Sauli, nasi tutafahamu upesi. Mashuhuri katika tanzia hizo ni ile ya Edipode, iliyotungwa na Sophocles. Edipode aliambiwa ya kwamba atamwua baba yake. Akakimbia asije akatenda hivyo, na njia aliyoikimbilia ndiyo iliyomfikisha kwenye jambo lenyewe.

Okonkwo naye alikuwa akikimbia: alikimbia kufanana na baba yake. Unoka alikuwa mpiga filimbi, mpole, mcheshi, mwenye madeni mengi (wapiga zeze wa namna hiyo hata Ugogo hawakosi). Alipopatwa na uvimbe alichukuliwa akaachwa katika Msitu Mwovu afie huko, kwa maana ugonjwa ule ulikuwa chukizo kwa ardhi. Hakuwa na kaburi. Basi mwanawe akachukia kila kitu alichokipenda Unoka, hata upole.

Siku alipotolewa kuuawa Ikemefuna, kijana aliyekaa nyumbani mwake miaka 3 na kumwita baba, mzee Ezeudu alikuwa amekwisha kumwonya Okonkwo asitie mkono. Lakini alimkata kwa panga lake mwenyewe, asije akaonekana mwoga. Hilo ndilo kosa. Baadaye, katika mazishi ya mzee huyo huyo, bunduki yake ililipuka ikamwua mwana wa marehemu, naye akahamishwa miaka 7. Sisi twaiita ajali. Wayunani wangeiita majaliwa.

Mwishowe alimwua tarishi wa serikali, watu wa Umuofia wasiinuke, naye akajinyonga. Kujinyonga kulikuwa chukizo kwa ardhi, hata ndugu zake hawakuweza kumgusa; ilibidi wageni wamzike. Tazama basi: amefika kule kule alikofika Unoka. Achebe halisemi neno hili. Amemwachia msomaji aukumbuke mlango wa tatu.

Kwetu Wakristo lipo jambo gumu zaidi. Nwoye, mwana wa Okonkwo, aliingia katika dini, akaitwa Isaka. Baba yake Achebe naye alikuwa katekista wa CMS, misheni ile ile iliyokuja Mpwapwa katika miaka ya 1870. Sisi, kama Achebe, tu wa upande wa Nwoye. Wako wasemao haifai kumlilia mtu aliyelipinga Kanisa. Twawajibu: kilichomfanya Nwoye aipokee nyimbo ya wageni ni kifo cha Ikemefuna kilichokuwa kikimsumbua moyoni. Panga la baba yake lilikuwa limekwisha kumtoa nyumbani kabla wamisionari hawajafika.

Lakini Edipode akiisha kuanguka, mji wa Thebe wabaki, na miungu yake. Umuofia haubaki hivyo. Na Bwana Shauri, akiondoka penye maiti, anawaza kumwandika mtu yule katika kitabu chake, labda aya moja tu.