Rimoti Itashikwa na Nani? Hadithi ya Kedi, Toroli na Betri

Wasee, juzi anko wangu alinipigia simu usiku. Anko ni kedi, yaani yule mtu wa kubeba mfuko wa fimbo za gofu, kwa klabu moja hapa Nairobi. Ameifanya hiyo kazi zaidi ya miaka ishirini, na ndiyo ilinilipia karo ya fomu three na fomu four. Nikadhani kuna msiba nyumbani. Kumbe anataka nimsaidie kuchagua toroli ya gofu ya stima, ile ya rimoti, kwa sababu mzee anayembebea anataka kununua.

Nikamuuliza, "Anko, si hiyo ndiyo itakumaliza kazi?"

Akacheka. "Kijana, goti langu lilikataa kitambo. Wewe nitafutie tu ile yenye betri mzuri."

Sikulala vizuri. Nikaanza kusoma, na hapo ndipo nikagundua hii stori ni kubwa kuliko toroli.

Tuanze hapa kwetu. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa 1906, na 1935 ikapewa jina la Royal na Mfalme George wa Tano. Enzi za mkoloni, Mwafrika hakuingia pale kama mwanachama. Aliingia kufyeka nyasi na kubeba mfuko. Lakini mtu akibeba mfuko kila siku, anasoma. Anajua upepo, anajua mteremko, anajua fimbo gani inafikisha mpira wapi. Ndio maana baadhi ya maprofesheno wa Kenya walianza kama makedi, wakijifunza kwa kuangalia. Na Kenya Open, iliyoanza 1967, si mashindano ya mchezo. Seve Ballesteros alishinda hapa 1978, mwaka mmoja kabla ashinde British Open yake ya kwanza.

Sasa twende Marekani, 1913. Kijana wa miaka 20 anaitwa Francis Ouimet, ambaye alikuwa kedi akiwa mdogo, anaingia US Open pale Brookline, Massachusetts, kiwanja kilicho mkabala na kwao. Anawapiga Waingereza wawili moto kabisa, Harry Vardon na Ted Ray. Kedi wake alikuwa Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10! Sasa niambie, huyo mtoto alikuwa na misuli gani? Ouimet hakumchukua kwa sababu ya nguvu. Alikuwa anamtuliza na kumkumbusha aangalie mpira. Hiyo ndiyo kazi ya kedi. Mfuko ni mzigo tu unaokuja na kazi.

Na huo mzigo ulikuwa mbaya. Zamani hakukuwa na kikomo cha fimbo, wachezaji wengine walitembea na zaidi ya ishirini. Ni 1938 ndipo Wamarekani waliweka sheria ya fimbo 14. Hata hivyo mfuko uliojaa unaweza kufika kilo 12 au zaidi, na mashimo 18 ni kutembea kama kilomita nane hivi. Fanya hiyo miaka ishirini uone goti lako.

Lakini tusidanganyane. Mashine pia imewahi kula watu. Baada ya Vita vya Pili, vigari vya gofu vilienea Marekani. Klabu zikaona kuvikodisha kunaleta pesa, na pesa ya kedi ilikuwa inaenda kwa kedi. Kwa klabu nyingi makedi wakapotea. Kigari chenyewe hakikumfukuza mtu. Aliyefanya hesabu ndiye alifukuza.

Toroli za stima zenyewe zilianza kuuzwa kwa wingi Uingereza miaka ya themanini. Shida yao ilikuwa betri. Walitumia ya risasi na asidi, babu yake ni ile Mfaransa Gaston Planté alitengeneza 1859, ndugu ya betri ya gari. Inaweza kufika kilo kumi. Yaani unanunua kitu cha kukupunguzia mzigo, halafu unabeba betri mpaka kwa buti ya gari! Na ukiimaliza hadi chini mara kwa mara, inazeeka haraka.

Lithiamu ndiyo ilibadilisha mambo. Sony walianza kuuza betri za aina hiyo 1991, na 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel. Goodenough alikuwa na miaka 97, kwa hivyo usikate tamaa bado. Leo betri ya toroli ya lithiamu ni kama kilo mbili au tatu. Ni teknolojia ya familia moja na ya simu yako na boda za stima unazoona Nairobi.

Basi nilimwandikia anko hivi. Moja, chukua lithiamu, na kama inapatikana, ile ya fosfeti ya chuma, kwa sababu inavumilia joto na inachajiwa mara nyingi zaidi. Mbili, piga hesabu: volti 12 mara ampea-saa 20 ni wati-saa 240. Kiwanja chenye vilima kinakula stima, usinunue ile ya kumaliza mashimo 18 kwa shida. Tatu, mzee akitaka kusafiri nayo kwa ndege, mpaka wa kawaida ni wati-saa 100, na ukipewa ruhusa ni 160, kwa hivyo hiyo ya 240 ibaki nyumbani. Nne, toroli iwe na breki ya mteremko, na ikipoteza mawimbi ya rimoti isimame yenyewe. Hutaki kuifuata ndani ya bwawa.

Tano haihusu betri. Nilimwambia, "Anko, kabla mzee alipe, kubalianeni kwamba rimoti utashika wewe, na malipo yako hayashuki."

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Hiyo ya tano ungeanza nayo."

Ni kweli. Ningeanza nayo.