Fidia, Ada na Umbali: Gharama za Mzazi wa Mtoto Aliyezuiliwa kwa Mtazamo wa Kongwa

Historia ya Kongwa imeandikwa zaidi kupitia mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kambi ya wapigania uhuru iliyofunguliwa mwaka 1964. Insha hii inashughulikia suala lisilopewa uzito huo: ni nani anayebeba gharama mtoto anapozuiliwa kwa amri ya mahakama? Hoja yake ni kwamba kufuta ada si sawa na kumwondolea mzazi gharama.

Nchini Uingereza, sheria ya wahalifu vijana ya mwaka 1854 iliruhusu mzazi mwenye uwezo atozwe hadi shilingi 5 kwa wiki kwa ajili ya mtoto aliyepelekwa katika shule ya urekebishaji. Ilihofiwa kwamba, bila tozo hiyo, wazazi wangeiachia serikali malezi ya watoto wao.

Tozo hiyo inafanana kwa juu juu tu na mila za Ugogo. Kijana asiyeoa hakuwa na kundi lake la mifugo. Alipomdhuru mtu, baba na ndugu zake ndio waliotoa ng'ombe au mbuzi. Hata hivyo, mifugo hiyo ilimwendea aliyedhurika. Fidia ilikusudiwa kumaliza ugomvi baina ya kaya mbili, ilhali ada humlipa anayemzuilia mtoto, na aliyedhurika hapati kitu.

Ugumu wa kuiondoa ada ya namna hiyo umedhihirika katika jimbo la California, Marekani. Huko kaunti ziliwatoza wazazi kwa siku ambazo mtoto alikaa kizuizini, kwa kifaa cha kufuatilia nyendo zake, na hata kwa wakili. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2017 ilikomesha tozo hizo kuanzia Januari 2018, lakini haikufuta madeni yaliyokwisha kuandikwa. Ilibidi itungwe sheria nyingine mwaka 2020 ili madeni hayo nayo yafutwe.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 119, inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Badala yake, mahakama inaweza kuamuru apelekwe shule ya maadilisho. Shule inayotumika kwa nchi nzima ni Irambo, mkoani Mbeya, zaidi ya kilometa 600 kwa barabara kutoka Kongwa. Nauli na siku za kilimo zinazopotea haziandikwi katika amri yoyote, lakini ndizo zinazoamua kama mama atamwona mwanawe.

Kaya za Kongwa, kama za kwingineko nchini, zimekwisha kupitia hali inayokaribiana na hiyo katika elimu. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973, michango ikarejea katika miaka ya 1980, ikafutwa tena mwaka 2001, na mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Hata hivyo, sare na madaftari vilibaki juu ya mzazi.

Hivyo basi, utafiti wa haki za watoto usiishie kwenye kile ambacho sheria inamtoza mzazi. Watoto wawili waliopewa amri moja hawatumikii adhabu moja iwapo mmoja hutembelewa na mwingine hatembelewi kwa sababu ya umaskini wa kwao. Serikali inayompeleka mtoto mbali na kwao inapaswa kuihesabu safari ya mzazi wake kuwa sehemu ya gharama za amri hiyo.